Ruta ya ofisi imegoma kuungana na modemu ya kebo, ilhali laptopu inaungana bila shida

1. Karani wa Zamu
Wakuu, salaam. Naomba msaada katika jambo linaloingia siku ya tatu sasa. Ofisi yetu ina kompyuta tisa, printa mbili na modemu moja ya kebo tuliyopewa na mtoa huduma. Ruta tuliyokuwa nayo iliungua, nikaleta nyingine iliyokuwa ikitumika katika ofisi yetu ya awali, ambako ilifanya kazi miaka miwili bila kulalamika. Nikichomeka laptopu moja kwa moja kwenye modemu, intaneti inakuja. Nikichomoa waya uleule na kuupeleka kwenye ruta, ukurasa wa hali ya ruta unaonyesha anwani ya WAN (upande wa intaneti) kuwa 0.0.0.0, yaani haijapewa anwani, na hapo hapasogei hata nikisubiri nusu saa. Kompyuta za ndani zinaonana na printa zinachapa, ila nje hakuna kinachotoka wala kuingia. Nimerudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, nimebadilisha waya, nimezima na kuwasha. Meneja ameshatoa hukumu kwamba ruta ni mbovu na inunuliwe nyingine. Mimi nashikilia kwamba ruta ni nzima na kasoro iko kwenye modemu. Ni nani kati yetu yuko sahihi?

2. Nyuzi Nane
Yawezekana nyote wawili mmekosea. Modemu nyingi za kebo huruhusiwa na mtoa huduma kuhudumia kifaa kimoja tu, na kifaa hicho hutambuliwa kwa anwani yake ya MAC, yaani ile namba ya herufi na tarakimu 12 iliyobandikwa chini yake. Modemu ikiwaka, kifaa cha kwanza kuzungumza nayo ndicho inachokikariri. Wewe ulianza na laptopu, kwa hiyo modemu inaijua laptopu, na ruta ikija kubisha hodi baadaye inaonekana mgeni asiye na mwaliko. Unaposema umezima na kuwasha, umezima kitu gani? Watu wengi huzima ruta na kuiacha modemu ikiendelea kuwaka, kumbe mwenye kumbukumbu ni modemu. Chomoa umeme wa modemu, unganisha ruta, kisha washa modemu kwanza, ngoja taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta.

3. Mzee wa Plagi
Kabla hatujafika kwenye kumbukumbu za modemu, mleta mada atujibu swali la aibu: waya wa kutoka kwenye modemu umeuchomeka kwenye tundu gani? Ruta nyingi zina matundu manne au matano yanayofanana kama pacha, na moja tu ndilo la WAN. Niliwahi kuitwa mahali ambapo watu watatu wenye vyeti walikuwa wamekesha wakibishana kuhusu programu ya ndani ya ruta, na waya ulikuwa kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) namba 1. Nilihamisha waya, nikanywa maji, nikaondoka.

4. Karani wa Zamu
Asanteni. Mzee wa Plagi, tundu ni la WAN, lina rangi yake peke yake na nimelikagua mara mbili baada ya kukusoma. Nyuzi Nane, nimechomoa umeme wa modemu kwa sekunde kumi hivi, nikafuata utaratibu wako. Matokeo ni yaleyale, 0.0.0.0.

5. Bi Swichi
Sekunde kumi ni chache. Mimi huacha modemu bila umeme dakika mbili hadi tano. Ila kuna jambo lililowahi kunitesa na halijatajwa hapa: baadhi ya modemu zinazobeba pia huduma ya simu huwa na betri ndani, ili simu ifanye kazi umeme ukikatika. Ukichomoa plagi ya ukutani, betri inashika, taa zinapungua, nawe unadhani imezimika. Nilichomoa na kuchomeka modemu ya namna hiyo kwa siku mbili nikiamini naianzisha upya, kumbe haikuwa imelala hata mara moja. Nilipoigeuza kutafuta namba yake ndipo nikaona mfuniko wa betri, nikaitoa, na ruta ikapata anwani katika dakika ileile. Kwa hiyo namuunga mkono Nyuzi Nane, ila mleta mada ahakikishe kwanza kwamba modemu ilizimika kweli.

6. Mpiga Hesabu
Nina shaka na upande mwingine kabisa. Mleta mada anasema ruta ilitoka kwenye ofisi ya awali. Huko mlikuwa mkitumia kebo, au laini ya simu? Huduma nyingi za laini ya simu hutumia PPPoE, ambapo ruta hutakiwa kutuma jina la mtumiaji na neno la siri kabla ya kupewa chochote. Huduma za kebo kwa kawaida hutumia DHCP, ambapo ruta huomba tu anwani na kupewa. Ruta iliyopangwa kwa PPPoE ikiunganishwa na modemu ya kebo itakaa ikimwita mtu asiyekuwepo. Laptopu nayo hutumia DHCP tangu inapotoka kiwandani, na hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini inafanikiwa pale ambapo ruta inashindwa.

7. Nyuzi Nane
Hoja ni nzuri, lakini amesema amerudisha mipangilio ya kiwandani, na ruta nyingi zikirudishwa huko hutumia DHCP upande wa WAN. Dhana ya PPPoE imekufa kabla haijazaliwa.

8. Karani wa Zamu
Modemu yetu haina betri, Bi Swichi. Nimeigeuza na hakuna mfuniko wowote. Kuhusu Mpiga Hesabu, ofisi ya awali ilikuwa kwenye laini ya simu. Na hapa inanibidi nikiri kitu. Baada ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, niliipakia upya nakala ya akiba ya mipangilio ya zamani, ili nisipoteze majina ya printa na neno la siri la Wi-Fi ambalo kila mtu ofisini amelizoea. Nimefungua sasa hivi ukurasa wa WAN, na umeandikwa PPPoE.

9. Mzee wa Plagi
Yaani umefua shati, ukalianika, kisha ukalirudisha kwenye tope kwa sababu vifungo vyake umevizoea. Nyuzi Nane, ile maiti yako imepiga chafya.

10. Mpiga Hesabu
Tusimcheke sana, nakala ya akiba imewaponza wengi. Badilisha aina ya muunganisho iwe DHCP, hifadhi, na uangalie pia kama kuna mahali palipojazwa kwa mkono: seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ya zamani, kipimo cha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) cha 1492 ambacho ni cha PPPoE, au alama ya VLAN (inayogawa mtandao mmoja kuwa kadhaa). Kipimo cha 1492 hakitakuzuia kuunganishwa, kwa hiyo kukirudisha kwenye 1500 ni usafi tu. Alama ya VLAN ni jambo zito zaidi, kwa sababu ikibaki pale, modemu itapokea maombi yenye alama isiyoijua na huenda isiyajibu kabisa.

Kwa faida ya wasomaji wengine, ombi la DHCP lina hatua nne: ruta inapaza sauti kuuliza kama kuna mwenye anwani, seva inatoa pendekezo, ruta inasema imelikubali, seva inathibitisha. Mazungumzo hayo hupita kwenye milango ya UDP namba 67 na 68. Ruta nyingi huandika hatua hizo kwenye kumbukumbu zake. Ukituambia mazungumzo yanakwama kwenye hatua ya ngapi, tutaacha kupiga ramli.

11. Karani wa Zamu
Nimebadilisha kuwa DHCP. VLAN haikuwa imewekwa. Mambo yamebadilika, ingawa sijui kama ni kwa heri. Nikiwasha modemu na ruta kwa pamoja, ruta inapata anwani ya 192.168.100.11, taa ya intaneti inakuwa ya kijani, nafurahi, kisha baada ya muda mfupi anwani inapotea na tunarudi kwenye 0.0.0.0. Kumbukumbu zinaonyesha ruta ikipaza sauti mara nyingi mfululizo bila jibu. Mara moja tu, jana jioni, ilipata anwani ya kawaida ya mtoa huduma, ikadumu kama dakika ishirini, kisha ikaanguka.

12. Koaksia
Sasa tumefika nyumbani kwangu. Anwani inayoanza na 192.168.100 haitoki kwa mtoa huduma. Inatolewa na modemu yenyewe, ambayo kwa kawaida hujiita 192.168.100.1, katika kipindi ambacho haijakamilisha kujiunga na mtandao wa kebo. Huitoa kwa muda mfupi sana, sekunde chache tu katika modemu nyingi, ili mtu aweze kufungua ukurasa wake wa uchunguzi wakati laini iko chini. Ruta yako ikipewa anwani hiyo, maana yake modemu haijashika mawimbi, au iliyashika ikayaachia. Acha ruta, angalia kebo ya koaksia, ile inayotoka ukutani kwenda kwenye modemu. Andika 192.168.100.1 kwenye kivinjari, utuletee vipimo vya mawimbi.

13. Nyuzi Nane
Sikubaliani. Laptopu inafanya kazi kwenye modemu hiyohiyo na kebo hiyohiyo. Kama mawimbi yangekuwa mabaya, laptopu nayo ingeteseka. Maelezo rahisi zaidi ni kwamba mleta mada anawasha vyote kwa pamoja, bila shaka kutoka kwenye kiendelezi kimoja cha umeme, na ruta inaamka mapema kuliko modemu. Inaomba anwani wakati modemu bado inapanda ngazi, inapewa ile ya muda, halafu inashindwa kuiachia kwa adabu. Ziko hata ruta zenye kisanduku cha kukataa anwani yoyote inayotolewa na 192.168.100.1, kwa sababu tatizo hili ni la zamani. Ruta iwashwe mwisho.

14. Bi Swichi
Nyuzi Nane, hiyo haielezi zile dakika ishirini. Iliyopata anwani halali ya mtoa huduma haikuwa imeamka mapema. Na je, laptopu imewahi kuachwa kwenye modemu kwa saa nzima, au ilichomekwa, ukurasa mmoja ukafunguka, ikachomolewa kwa shangwe? Mleta mada hajasema, nasi tumekuwa tukijenga juu ya jaribio hilo tangu mwanzo wa uzi.

15. Karani wa Zamu
Bi Swichi amenikamata. Laptopu haijawahi kukaa zaidi ya dakika tano.

Nimefungua ukurasa wa modemu. Mawimbi yanayoshuka (kutoka kwa mtoa huduma) yako kati ya +2 na −9 dBmV (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kutegemea chaneli. Uwiano wa mawimbi na kelele ni 36. Yanayopanda (kwenda kwake) ni 51 dBmV, chaneli nne. Chini kuna orodha ndefu ya maandishi mekundu yanayotaja T3. Mstari wa mwisho ni wa leo saa tatu asubuhi, wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa ameigusa modemu.

16. Waya Mwekundu
Nasoma tangu mwanzo, sasa nachangia. Hiyo −9 ni mbaya, kwa sababu mawimbi yanayoshuka hayatakiwi kwenda nje ya −7 na +7. Modemu hiyo inakufa njaa.

17. Koaksia
Naomba kurekebisha. Kiwango rasmi cha modemu za kebo, DOCSIS, kinaruhusu modemu kupokea kuanzia −15 hadi +15 dBmV. Hiyo −7 na +7 ni lengo la mafundi, wanaopenda kubaki na nafasi ya kupumua. Kwa usimbaji wa 256-QAM, uwiano wa mawimbi na kelele unatakiwa uwe angalau 30 iwapo nguvu iko juu ya −6, na 33 iwapo iko chini yake. Yeye ana 36 hata huko kwenye −9, kwa hiyo upande wa kushuka si mzuri wa kujivunia, lakini haujaugua.

Kinachonitia wasiwasi ni upande wa kupanda. Ile 51 haipimi uzuri. Ni nguvu ambayo modemu inalazimika kuitumia ili isikike upande wa pili. Kadiri njia inavyokuwa na vizuizi, ndivyo inavyopaza sauti. Katika DOCSIS 3.0, modemu inayotumia chaneli nne zenye 64-QAM ina dari ya takriban 51 dBmV kwa kila chaneli. Maana yake modemu hii tayari inapiga kelele kwa uwezo wake wote, na yale maandishi ya T3 yanasema kwamba iliita na hakuna aliyeitika. Hali ya hewa ikibadilika kidogo au kiungo kikilegea, inaanguka, inaanza upya kujiunga, na wakati huo ndipo inapogawa anwani za 192.168.100. Je, kati ya ukuta na modemu kuna kigawanyi?

18. Karani wa Zamu
Kipo, na sikuwahi kukitilia maanani. Kebo inatoka ukutani, inaingia kwenye kigawanyi cha njia mbili, njia moja inakwenda kwenye modemu, nyingine inaning'inia nyuma ya kabati bila kuunganishwa na chochote. Nadhani wapangaji wa zamani walikuwa na televisheni. Kokwa ya upande wa modemu ilizunguka kwa vidole vyangu bila kukaza, na ncha ya shaba ya katikati ina rangi ya kahawia.

19. Koaksia
Kigawanyi cha njia mbili hula takriban desibeli 3.5 kwenda na kurudi. Kiondoe. Ukikiondoa, mawimbi ya kushuka yatapanda kwa 3.5 na ya kupanda yatashuka kwa kiasi hichohicho, ikiwa hakuna kingine kilichooza. Tundu lililoachwa wazi nalo huingiza kelele za nje, na ndiyo maana mafundi hulifunga kwa kizibo maalumu cha ohmu 75.

20. Mchunguzi wa Taa
Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nimesoma majibu yote na hakuna aliyeuliza kuhusu taa ya tundu la WAN. Je, inawaka bila kukatika, na ukurasa wa hali unasema kasi ni 1000 au 100? Nauliza kwa sababu muunganisho wa 100 hutumia jozi mbili tu za waya, zile za pini 1, 2, 3 na 6, wakati muunganisho wa 1000 unahitaji jozi zote nne. Waya uliojeruhiwa jozi moja unaweza kuonekana mzima ukiwa kwenye laptopu ya zamani yenye kadi ya 100, kisha ukasumbua kati ya ruta na modemu zenye 1000. Vifaa vinakubaliana, vinakosana, vinaanza upya. Kila vinapokosana, ruta huhesabu kwamba WAN imekatika, hutupa anwani yake na kuanza kuomba tena. Kwenye kumbukumbu inaonekana kama DHCP haijibiwi, kumbe waya ndio uliokatika kwa nukta chache.

21. Karani wa Zamu
Nimekwenda chini ya meza na tochi ya simu. Ukurasa unasema 100, ingawa modemu na ruta zote zimeandikwa 1000 kwenye makaratasi yake. Taa ni ya rangi ya chungwa, siyo ya kijani. Waya wenyewe unapita chini ya mguu wa kiti cha mhasibu. Kiti kina magurudumu, na gurudumu moja limeukandamiza hadi ganda la bluu limekuwa bapa na lina ufa ambao ndani yake naona uzi wa rangi ya machungwa na mwingine mweupe. Plagi ya upande wa ruta haina kile kilimi cha kuishikilia, kwa hiyo mtu akipita na kugusa meza, inasogea nyuma kidogo. Ule niliosema nimeubadilisha mwanzoni ni wa upande wa swichi. Nisameheni, niliandika kwa haraka.

22. Mzee wa Plagi
Mhasibu amekuwa akiikata intaneti kila anaponyoosha mgongo. Hapa hata modemu inastahili pole.

23. Mpiga Hesabu
Mchunguzi wa Taa amesema vizuri, lakini waya huo hauwezi kubebeshwa lawama zote. Haukuleta 0.0.0.0 ya mwanzo, ile ilitokana na PPPoE. Na ule mstari mwekundu wa saa tatu asubuhi hautokani na waya wa Etheneti, kwa kuwa T3 ni mazungumzo kati ya modemu na mtambo wa mtoa huduma, na ruta haishiriki hata kidogo. Tuna angalau kasoro mbili, na huenda ni tatu.

24. Nyuzi Nane
Au nne, kwa sababu suala langu la anwani ya MAC bado halijajaribiwa ipasavyo. Kila mara amehama kutoka laptopu kwenda ruta na kurudi, na mara nyingine hakuzima modemu kwa muda wa kutosha. Baadhi ya watoa huduma hukariri kifaa kwenye mtambo wao, siyo kwenye modemu, na hapo hata ukiizima saa nzima haisaidii hadi muda wa kukodi anwani uishe au uwapigie wafute. Njia ya mkato ni kuipa ruta anwani ya MAC ya laptopu. Ruta karibu zote zina sehemu ya kunakili.

25. Waya Mwekundu
Nilijaribu hiyo mwaka jana na ruta ilikataa. Nilibuni anwani yangu mwenyewe nikaanza na 01, ikaniambia si halali, na hadi leo sijui kwa nini.

26. Nyuzi Nane
Kwa sababu baiti ya kwanza ya anwani ya kifaa kimoja haiwezi kuwa namba witiri. Ikiwa witiri, anwani hiyo ni ya kundi la vifaa. Anza na 02 na itakubalika, kwani hiyo ni alama ya anwani iliyotungwa na msimamizi wa mtandao mwenyewe. Ila kwa kazi hii usibuni, nakili ya laptopu jinsi ilivyo. Na ukumbuke kwamba laptopu ina anwani mbili, ya waya na ya Wi-Fi. Nakili ya waya, maana ndiyo modemu iliyoiona.

27. Bi Swichi
Nami ninaogopa kunakili. Mtu anasahau, mwezi ujao anachomeka laptopu ileile kwenye modemu kwa uchunguzi, halafu hajui tena anazungumza na nani. Mimi nashauri ruta ibaki na anwani yake na modemu ilale usiku mzima bila umeme.

28. Jirani wa Seva
Hamjagusa mgongano wa mitandao. Ikiwa hiyo inayoitwa modemu ni mashine yenye ruta ndani, itagawa anwani za 192.168.0 au 192.168.1, na ruta ya ofisi mara nyingi hutumia namba hizohizo upande wa ndani. Ruta haiwezi kupitisha pakiti ikiwa mbele na nyuma yake kuna mtandao wenye namba moja. Nilipoteza siku nzima kwa hilo, na dawa ilikuwa kubadilisha upande wa ndani kuwa 192.168.50.

29. Koaksia
Yake ina tundu moja la Etheneti na imetoa anwani ya mtoa huduma kwa dakika ishirini, kwa hiyo ni modemu tupu. Ushauri wako ni sahihi kwa mwenye mashine ya namna hiyo, ila mgonjwa wetu si huyu.

30. Karani wa Zamu
Wakuu, taarifa. Jana jioni niliondoa kigawanyi na kukaza kokwa kwa spana, nikaweka waya mpya na kuupitisha ukutani mbali na kiti, nikazima modemu hadi asubuhi. Leo nimewasha modemu, nimengoja taa zitulie, ndipo nikawasha ruta. Imepata anwani ya mtoa huduma mara moja, na sasa ni saa sita zimepita bila kukatika. Mawimbi ya kupanda ni 47.5. Hakuna maandishi mekundu mapya. Meneja anasema aliyeponya ni yeye, kwa sababu alisema kwa sauti mbele ya ruta kwamba inatupwa.

31. Koaksia
Kutoka 51 hadi 47.5 ni desibeli 3.5 kamili, kama nilivyosema kwenye namba 19. Sidai zawadi, lakini hesabu iko wazi.

32. Mchunguzi wa Taa
Hesabu inaonyesha kigawanyi kimeondoka, haionyeshi kwamba ndicho kilichokuwa kikiangusha muunganisho. Waya nao umebadilika usiku uleule. Karani, tusomee kasi ya WAN sasa.

33. Nyuzi Nane
Na modemu ililala usiku mzima, jambo tulilolidai mimi na Bi Swichi. Amefanya matatu kwa mpigo, sasa kila mmoja wetu atachukua nyama yake. Ikiwa una moyo, rudisha kigawanyi kwa saa moja tuone.

34. Karani wa Zamu
Moyo ninao, ruhusa sina. Meneja amebandika karatasi juu ya modemu iliyoandikwa kwamba haiguswi. Kuhusu kasi, nimeangalia mara mbili kabla ya kuandika: bado ni 100, na taa bado ni ya rangi ya chungwa, ingawa waya ni mpya kabisa.

35. Mchunguzi wa Taa
Basi ama tundu la WAN la ruta limepoteza pini moja, ama mtu aliwahi kuifunga kwenye 100 ndani ya ile nakala ya akiba. Angalia ukurasa wa WAN kama kasi imewekwa ya kujichagulia. Hilo unaweza kulisoma bila kugusa modemu.

36. Mzee wa Plagi
Na ikionekana ni tundu la ruta, meneja atakuwa amesema kweli tangu namba 1. Huo ndio ukurasa ambao mimi, ningekuwa Karani, ningeufungua akiwa amekwenda chakula cha mchana.